Nilizima Tanuri Saa Tano

Kosa ni langu. Nalisema hapa juu kabisa ili usije ukafika katikati ukaanza kunionea huruma. Si shetani, si umeme kukatika, wala hakuna mtu aliyenisukuma. Ni mimi, kwa mikono yangu hii, na kwa mdomo huu ambao mpaka leo umeshindwa kufunguka.

Naishi Ipuli, hapa Tabora. Jina langu liache. Umri wangu ni arobaini na kidogo, watoto wawili wako bweni, mume wangu ni dereva wa malori na nyumbani anaonekana kwa nadra. Naandika nikiwa jikoni, mlango nimefunga. Nimeshafuta mara tatu.

Zamani nilikuwa nauza vitumbua karibu na stendi. Mwalimu ndiye aliyenitoa kwenye moshi. Mama huyo nitamwita Mwalimu tu, maana mtaa mzima unamwita hivyo. Alifundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka akastaafu. Wenzake wakistaafu wanafuga kuku. Yeye akaenda Mwanza kujifunza kuyeyusha vioo. Vioo jamani! Tulimcheka sana. Akarudi na tanuri la umeme la mitumba, akalitia kwenye banda nyuma ya nyumba yake kule Cheyo, akaanza kuokota chupa tupu. Siku moja akaja kununua vitumbua, akaangalia vidole vyangu, akasema, "Mikono hii haina papara. Njoo kesho."

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Unakata chupa, unapanga vipande tabaka kwa tabaka juu ya kigae kilichopakwa unga mweupe visigande, unafunika, unawasha. Joto likifika nyuzi mia nane, vipande vinalegea, vinashikana, vinakuwa kioo kimoja. Tulikuwa tunatengeneza hereni, vidani, na visahani vya kuwekea vikombe. Akina dada wa maofisini wanavigombania.

Lakini kushikana siyo mwisho. Mwalimu alikuwa anasema kioo kikitoka kwenye mia nane kinakuwa kimeshtuka. Kikipoa haraka, nje kunatangulia kupoa na ndani bado moto, na ule mvutano unabaki humo humo. Kwa macho huuoni. Kinang'aa, kizuri, unakiweka nyumbani, halafu siku kikipata joto au baridi ya ghafla kinapasuka. Kwa hiyo unashuka mpaka mia tano hamsini, na hapo unakishikilia kitulie. Yeye aliita kukilaza. Hereni zinalala nusu saa. Kitu kinene kinalala zaidi, na unene ukizidi, muda nao unazidi.

Tanuri lile halijiendeshi. Lina swichi ya kuzungusha na kipimajoto cha sindano, basi. Unakaa kwenye kigoda, unaongeza, unapunguza, huondoki.

Jambo jingine la kujua ni ugomvi wa Mwalimu na neno "masaa". Ole wako uliseme mbele yake! "Saa haina wingi!" anakurukia. "Saa moja, saa mbili, saa kumi. Hayo masaa mmeyaokota wapi?" Tulikuwa tunalisema makusudi ili tumsikie akifoka, tukacheka mpaka machozi. Sasa nikilisikia mtaani nabadilisha njia.

Mwalimu ana mtoto mmoja tu, Rukia, ameolewa Urambo. Rukia alikuwa ameharibikiwa mimba tatu. Ya nne ikashika, ikavuka miezi ambayo zile nyingine hazikuvuka, na daktari akampa moyo. Ikapangwa aje ajifungulie kwa mama yake na amalizie arobaini hapo.

Nyumba ya Mwalimu ni ile ya zamani, ya urithi, kuta nene za udongo. Chumba cha Rukia kina kidirisha kimoja kinachotazama ukumbini, mchana unawasha taa. Mwalimu akasema mjukuu wake hataanza maisha gizani. Atatoboa bati juu ya kitanda, aweke kioo tulichokitengeneza wenyewe, cha chupa za kijani za aina moja, maana chupa za aina tofauti hazipatani tanurini. Tabaka tatu. Upana wa sinia, unene wa kidole gumba. Hatukuwahi kutengeneza kitu kinene kiasi hicho.

Tulipanga vipande siku mbili nzima. Jioni ya siku ya pili, kila kitu kikiwa tayari ndani ya tanuri, simu ikapigwa kutoka Bukene. Kaka yake Mwalimu amefariki. Ilibidi aondoke alfajiri. Akachana boksi, akaandika kwa kalamu ya wino mzito, akabandika kwenye mfuniko:

"Panda polepole mpaka 800. Shikilia dakika 20. Shuka 550. Kilaze saa 5. Zima. Usifungue mpaka kesho."

"Nakuachia, mwanangu," akasema. "Fundi wa paa anakuja Jumamosi."

"Wala usiwe na wasiwasi, Mwalimu. Poleni sana na msiba."

Kesho yake nikaswali alfajiri, nikawahi Cheyo, nikawasha. Nilipanda polepole kama nilivyoagizwa. Ilipofika saa nne na dakika ishirini asubuhi, sindano ilikuwa imetulia kwenye mia tano hamsini. Nikasoma boksi. Kilaze saa 5. Nikaangalia simu. Zimebaki dakika arobaini.

Umeshaona?

Siku hiyo ilikuwa kichenpati ya binti wa shangazi yangu. Mimi niko kwenye kamati, sare yangu ya zambarau imening'inia, saluni wananisubiri saa sita. Dakika arobaini zilinikaa vizuri mno.

Na nataka niwe mkweli, maana nisipokuwa mkweli hapa nitakuwa mkweli wapi? Wazo lilinijia. Nilijiuliza, hereni zinalala nusu saa, hili dubwana lilale dakika arobaini tu? Nikasimama mbele ya lile boksi. Simu ilikuwa mkononi! Ningepiga tu nikauliza, Mwalimu, ni saa tano ya kwenye saa, au ni kukaa saa tano? Nikajiambia yuko msibani, nitamsumbua. Uongo mtupu. Niliogopa asije akasema kaa hapo mpaka saa tisa na dakika ishirini.

Saa tano kamili nikazima. Nikaoga, nikavaa zambarau. Nilicheza siku hiyo mpaka viatu vikanibana.

Kesho yake nikafungua. Loh! Kilikuwa kizuri, wallahi. Kijani kilichoshikana vizuri, hakina ufa hata wa unywele. Pembeni tulikuwa tumeweka visahani viwili vya mabaki, tabaka tatu vilevile. Nikachukua kimoja, nikaenda nacho nyumbani.

Mwalimu akarudi siku ya nne, macho mekundu ya msiba. Nikampa shikamoo, akaitikia huku ameshaelekea bandani. Akakiinua kioo juani. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ule msiba.

"Ulikilaza saa tano?"

"Ndiyo Mwalimu, saa tano."

"Saa tano zote umekaa hapa peke yako, kwenye joto hili?"

Zote! Ni hilo neno. Kumbe kweli alimaanisha muda wa kukaa, si saa tano ya asubuhi.

"Pole mwanangu. Mgongo umekuumiza, eeh?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi yangu. Kosa la kusoma vibaya lingesameheka. Kioo chenyewe kingerudishwa tanurini, kikapashwa, kikalazwa upya, kikawa salama. Ni umeme wa siku moja tu! Lakini alikuwa ananiangalia kwa upendo, na mimi vidoleni bado nina hina ya kichenpati.

"Nimezoea," nikasema.

Jumamosi fundi akatoboa bati, akatengeneza fremu ya mbao, akakilaza kioo humo. Chumba kikawa kijani, laini. Majirani wakaja kutazama. Mwalimu akawa ananishika bega mbele yao: "Kazi ya huyu. Mimi sikuwepo hata." Nilitamani ardhi inimeze.

Rukia akajifungua salama, mtoto wa kike. Akalazwa kwenye kile kitanda, chini ya kile kioo.

Mwanzo nilijidanganya. Labda hakina neno. Labda dakika arobaini zilitosha, nani ajuaye? Kile kisahani nilikuwa nimekiweka dirishani kwangu, jua linakipiga kutwa. Siku mtoto anatimiza wiki, nimerudi kutoka kumpa jina, nikawa naosha vyombo, nikakung'uta mikono. Matone yakakirukia.

Ting!

Sauti ndogo tu. Kisahani kikawa vipande vitatu mbele ya macho yangu.

Niliketi sakafuni. Mungu wangu! Kioo kile kiko juu ya bati linalochemka. Na ilikuwa mwezi ule ambao Tabora nzima inaangalia juu kutafuta wingu. Jua limekausha kila kitu, watu wameshalima wanasubiri. Mvua ya kwanza ikinyesha mchana, maji ya baridi yakatua juu ya kioo cha moto...

Kuanzia hapo sikulala. Mume wangu alirudi siku mbili akaniuliza, "Wewe unaangalia mawingu ya nini, umepanda mahindi wapi?" Nikamjibu jeuri. Akaondoka na safari yake.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia kiumbe. Waumini waliitwa uwanjani kuswali swala ya kuomba mvua. Nikaenda. Watu wanalia, ng'ombe wao wanakufa, mahindi yako kwenye magunia yanasubiri ardhi ilowe. Na mimi katikati ya safu ya wanawake, mikono nimeinua, nilikuwa naomba isinyeshe. Yaa Rabbi, isinyeshe mpaka arobaini ipite, mpaka Rukia aondoke. Astaghfirullah! Nilisimama kinyume na mji mzima.

Kila siku nilikuwa Cheyo. Nikipeleka uji, nikipeleka nepi, mradi nione kioo. Nikamwambia Rukia, "Mdogo wangu, hebu kitanda tukisogeze kule ukutani, mwanga huu utamuumiza mtoto macho." Akakubali, tukasogeza. Kesho yake nakuta kimerudi pale pale. Mwalimu kakirudisha.

"Mtoto akitazama ule ukijani ananyamaza," akaniambia kwa furaha. "Hebu mwangalie! Anajua bibi yake alimtengenezea nini."

Nikamwangalia. Kalala chali, macho kayatumbulia juu, kwenye kioo changu.

Kwa nini sikusema? Usiniulize, nimejiuliza mwenyewe mpaka nimechoka. Kila siku iliyopita iliongeza uzito. Ningesema siku ya kwanza, lingekuwa kosa. Kusema siku ya ishirini ni kumwambia Rukia, nimemwacha mwanao alale chini ya hatari siku zote hizi nikiwa najua.

Siku ya ishirini na tatu nilikuwa sokoni, yapata saa nane mchana. Jua kali la kutoboa utosi. Ghafla upepo ukainuka, vumbi, halafu ile harufu. Watu wakaanza kupiga vigelegele. Nikatupa vitunguu, nikaparamia bodaboda.

"Cheyo! Kimbiza!"

"Mama, mvua hiyo, si tujibanze kwanza?"

"Nimesema kimbiza!"

Matone ya kwanza yalinipiga usoni kabla hatujafika, makubwa, ya baridi. Nilikuwa nalia kwa sauti kwenye ile pikipiki. Kijana wa watu alidhani nimefiwa.

Mwalimu alikuwa uani anaanua nguo huku anacheka. "Alhamdulillahi! Mvua!" Nikampita bila hodi, bila shikamoo. Nikaingia chumbani. Rukia amelala ubavu, mtoto yuko mbele yake. Juu matone yanagonga bati, moja moja bado. Nikamzoa mtoto, mkono mwingine nikamshika Rukia nikamvuta.

"Toka! Toka nakwambia!"

"Mama! Mama njoo, huyu kachanganyikiwa! Niachie mwanangu!"

Akanirarua shavu kwa kucha. Sikumwachia. Tulikuwa mlangoni tunavutana, mvua ikaanguka yote kwa pamoja. Nikaisikia, katikati ya ule mshindo wote wa bati. Nilikuwa naijua.

Ting.

Kikashuka. Kipande kimoja kirefu kama mkono kilisimama wima kwenye mto, pale pale palipokuwa na kichwa cha mtoto. Vingine vikatapakaa kitandani, na mvua ikamiminika juu yake kwa lile tundu.

Mtoto tu ndiye aliyelia. Mwalimu akaja, akasimama mlangoni na nguo alizoanua mkononi, akaangalia kitanda. Nikafungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo niseme.

Akapiga magoti, akanishika miguu. Mwalimu! Mama ninayempa shikamoo, ananishika miguu mimi!

"Mungu amekuonyesha. Nani kakwambia, mwanangu? Nani kakutuma?"

"Moyo tu ulinituma," nikasema.

Huo ndio uongo wangu wa pili, na ni mbaya kuliko wa kwanza.

Ikasomwa dua, ikapikwa pilau, nikakalishwa mbele. Wanawake wananibusu mikono. Jirani mmoja akaniletea mtoto mwenye homa nimpitishie mkono kichwani, eti mimi nimeoneshwa. Rukia anaomba radhi kila akiona kovu la shavu langu. Pilau ile niliitapika yote nyuma ya choo.

Na Mwalimu je? Mwalimu ameisha. Amejikalia barazani na daftari lake la tanuri, anahesabu. "Saa tano hazikutosha," anarudia. "Kwa unene ule ningeandika saa nane. Nilikuwa na haraka ya msiba, nikakosea. Ningemuua mjukuu wangu kwa mwandiko wangu." Nikajaribu kumwambia ni ajali tu. Akanitazama: "Wewe ulifanya nilivyoandika, mwanangu. Usijibebeshe."

Tangu siku hiyo hajamshika mtoto. Mimba tatu alizililia, mjukuu kaja, na hamshiki! Rukia akimpelekea anarudisha mikono kifuani. "Mikono hii? Hapana. Mpe dada yako." Yaani mimi. Nampokea, nampakata, na bibi yake ananitazama kwa shukrani.

Wiki iliyopita guta lilisimama mlangoni kwangu. Limebeba tanuri. Mwalimu kanizawadia, hataki tena kuliona. Liko hapa jikoni ninapoandika, nimelifunika kwa khanga. Boksi bado limebandikwa kwenye mfuniko, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni. Hakukosea hata nukta.

Ndugu yangu unayesoma, kama unafanya kazi ya watu, ya moto, ya dawa, ya umeme, ya kitu chochote, ukaandikiwa maelekezo ukahisi hayajakaa sawa, piga simu uulize. Uchekwe. Uitwe mjinga. Na kama umeshakosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu hajakupa pole kwa jambo ambalo hukulifanya. Mimi sikusema, na sasa kuna bibi anaogopa mikono yake mwenyewe kwa sababu yangu.

Arobaini inaisha kesho. Keshokutwa Rukia anarudi Urambo na mtoto, na Mwalimu atakuwa hajampakata tena.

Nimesema jina langu liache, lakini najua halijifichi. Cheyo wote watajua. Nimeandika makusudi, ili nikishatuma nisiwe na pa kurudi. Na Rukia, mdogo wangu, najua ukurasa huu wa mtandaoni unausoma kila ukinyonyesha. Ndiyo, ni mimi. Usimwambie mama kwanza. Nakuja leo baada ya alasiri, nimwambie kwa mdomo wangu.

Ila kama umefika hapa, alasiri imepita, na hujasikia hodi yangu mlangoni, basi ujue nimeogopa tena. Mpe mama simu asome mwenyewe. Na mtoto mwekee mapajani.